Mama Mzazi Hukaa Nje

Niboye, Kigali
3 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Huku tupo, tunasukuma siku. Shangazi Uwizeye magoti yanamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama ni wewe utakayemalizia sare za shule. Baba Mkubwa Usumani ameongeza cherehani dukani Kicukiro, na ameongeza na sauti. Mimi mzima, nimenenepa kidogo, usianze.

Nimekuwekea kurasa ndani ya bahasha. Ni ile manga yangu niliyokudokezea kwenye simu mwaka juzi, ukaniuliza manga ndiyo mdudu gani, nikakukatia simu, na tangu hapo ni barua tu. Ni hadithi ya picha, Mama, ndefu, inatoka sura baada ya sura. Inaitwa Milima ya Ukungu. Kila mlima ni nchi yake, chini kote ni ukungu mtupu, na wazee wa milimani wamekataza mtu yeyote kushuka bondeni, kwa sababu huko ndiko ilikozikwa historia wasiyotaka ijulikane. Sasa kuna msomi mmoja, Daktari Kamikazi, anashuka. Ana binti, anamwacha juu ukingoni. Wasomaji wanampenda mno huyo Daktari. Naiweka mtandaoni, na Connie mwenye duka la fotokopi hapa Niboye ananichapishia nakala za wale wasio na bando.

Miwani ya Daktari imefungwa kwa uzi. Usiniulize nimeitoa wapi.

Sasa lililonikalisha chini ni hili: nimeposwa. Anaitwa Hakizimana, fundi umeme, kwao Gahanga. Anaswali, anacheka, hapigi kelele. Harusi ni mwezi wa nane. Kwa kuwa Baba hayupo, walii wangu ni Baba Mkubwa, na amekubali kuniozesha. Amesema hata wewe unaruhusiwa kuja, baada ya miaka yote hii. Lakini nitapimwa doti kama mabinti wote wa nyumba hii. Na kabla ya hapo utasimama mbele ya ukoo useme kwamba yale uliyoyasema kwenye harusi ya binti yake ulikosea.

Hakizimana aliniuliza kupimwa doti ndiyo nini. Nikamweleza: bi harusi anasimama uso ukutani, shangazi anapima kitambaa cheupe kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole, hadi itimie mikono minane, yaani doti. Kisha kitambaa kinakwenda kwa walii, siyo kwa bi harusi. Mlango umefungwa, na mama mzazi hukaa nje. Akauliza maana yake. Nikasema ni baraka, sisi ni ukoo wa mafundi cherehani. Halafu nikamwambia na la kwako, ulilolisema harusini: kwamba hivyo ndivyo alivyonunuliwa Bibi Zaina, kwa doti moja ya kitambaa, bibi yao kina Baba Mkubwa, akiwa mtoto mdogo, na yuleyule Babu aliyekuja na msafara kutoka pwani na baadaye akamuoa. Kwamba hakuwa binti wa mtawala kama tunavyosimuliwa, alikuwa mtoto wa njaa, na kila tukioza binti tunarudia biashara ile bila kujua.

Halafu akasema, "Na mama yako alijuaje?" Nikamwambia swali hilo ni lako.

Mama, nakuomba uje. Ni sentensi moja tu.

Binti yako,
Umuhoza


Tabora
2 Machi 2024

Umuhoza mwanangu,

Marahaba. Barua yako imelala Rusumo mpakani hadi dereva wa basi alipoikumbuka, ikanifikia imekunjwa kama chapati ya jana. Mimi niko salama. Mwenye nyumba wangu amepaka ukuta rangi ya kijani ambayo hata mbuzi hawezi kuipenda. Wanafunzi wa mwaka wa pili wameniandikia insha za historia zinazofanana hadi makosa. Nimekuwekea chupa ya asali, utaipata siku moja.

Hongera sana. Fundi umeme ni jambo jema, nyumba yako haitakuwa gizani. Muulize kama anaweza kubishana bila kununa. Marehemu baba yako aliweza, na sijaona mwingine.

Kurasa nimezisoma, tena zaidi ya mara moja. Milima umeichora vizuri, ile ya kushoto naijua, ni Rebero ukiitazama kutoka kwenu. Lakini Daktari wako ana matatizo. Viatu vile haviwezi kushuka kwenye tope. Tena hakuna msomi anayekwenda kutafuta historia akiwa amebeba upanga. Anabeba maji, na maswali, na zawadi ya sukari kwa wazee. Na ile kamba umeifunga kwenye mti. Mtu aliyeacha mtoto juu hashuki kwa kamba ya mti, Umuhoza. Lazima kuwe na mtu anayeishika. Umesahau kumchora.

Lile la Baba Mkubwa wako nimelisoma. Ramadhani inaingia, tuuache mfungo upite.

Shangazi Uwizeye ndiye atakayekupima? Mpe salamu zangu. Mpe kwa mdomo, barua usimsomee.

Mama yako,
Mukandekezi


Niboye
14 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo, na Idi njema iliyokwisha kupita. Tulikula pilau na Baba Mkubwa, watoto wa jirani wakaja kuchukua maandazi, Shangazi alinishonea gauni la bluu nikaonekana mtu. Salamu zako nilimpa. Alisema "asante" akaenda jikoni, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Basi, za nyumbani zimekwisha.

Mimi nimekuuliza neno moja, wewe umenijibu viatu na kamba! Nimekuambia naolewa, ukanikosoa upanga! Hivi ndivyo ulivyo. Mtu anakuletea moyo wake mkononi, wewe unatafuta ni wapi umeandikwa vibaya.

Wasomaji wangu wananiuliza kila sura kama Daktari Kamikazi atapanda tena kurudi kwa mtoto wake. Unajua nawajibu nini? Siwajibu kitu, maana sijui. Mimi mwenyewe nilisubiri ukingoni. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilivaa lile gauni la mistari kwenye harusi ile, nikakuona unasimama katikati ya wamama, unasema maneno yako kwa ile sauti ya darasani, na Baba Mkubwa anageuka rangi. Kesho yake sanduku lako lilikuwa mlangoni. Angetosheka ungesema "samahani, nilikosea." Ungesema, halafu ukaendelea kuamini unachoamini moyoni, nani angekukagua? Ulichagua sentensi, ukaniacha mimi.

Aliyenilea ni Shangazi. Aliyeninunulia pedi za kwanza ni Shangazi. Aliyelala na mimi hospitalini nilipotolewa kidole tumbo ni Shangazi, amekaa kwenye kile kibenchi na magoti yake mabovu. Na ada yangu ya chuo alilipa Baba Mkubwa, huyohuyo unayemwona mbaya. Naandika hivi nalia, na sioni aibu kukuambia.

Baba Mkubwa anasema ukweli una pa kutoka. Anauliza, kitabu gani? Ukurasa upi? Kama kipo, kilete, tukisome. Hujawahi kukileta. Mimi pia nauliza, Mama. Kitabu gani?

Utakuja au hutakuja? Nijibu hilo tu. Kamba niachie mwenyewe.

Umuhoza


Tabora
19 Mei 2024

Mwanangu,

Mvua zimekwisha, vumbi limeanza, na kikohozi changu cha kila mwaka kimeripoti kazini. Kuku wangu mmoja ameangua vifaranga chini ya kabati la vitabu, nimemwacha, anasoma. Nakupa hizi habari kwa sababu zinazofuata ni fupi.

Nimeisoma barua yako. Sina la kukujibu ambalo linaweza kusemwa.

Nitakuja. Nitasimama mbele ya Usumani na ukoo wake niseme kwamba nilikosea, kwamba Bibi Zaina alikuwa binti wa mtawala aliyeolewa kwa heshima, na kwamba doti ni baraka. Nimejaribu kuisema peke yangu jikoni. Inatoka. Mwanzoni ilikwama kidogo, sasa inatoka vizuri kabisa. Kisha nitakaa nje ya mlango pamoja na viatu vya wageni, na ukitoka nitakupigia vigelegele kama mama mwingine yeyote.

Chuoni nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Mkuu wa idara aliniuliza kama nakwenda kwenye utafiti, nikamwambia hapana, nakwenda kwenye harusi. Alishangaa, hajui kama nina mtoto.

Nakuomba kitu kimoja. Usiniulize tena nani aliniambia.

Hilo gauni la mistari nalikumbuka. Lilikuwa limekubana mabegani, nikasema nitalilegeza wiki ijayo.

Mama yako


Niboye
20 Juni 2024

Mama wangu!

Shikamoo, shikamoo! Nilipofungua barua yako nilipiga kelele hadi Connie akaacha wateja akaja mbio akidhani nimefiwa. Idi ya kuchinja imepita salama, Baba Mkubwa alichinja kondoo, Hakizimana alikuja na wazee wake, wakala wakashiba, wakasifu mchuzi. Nilimpa Baba Mkubwa habari yako hapohapo mbele yao. Alicheka, Mama, meno yote nje! Akasema, "Nilijua ana akili, sema tu ilichelewa." Ameshatoa kitambaa cha gauni langu dukani, tena kile cha juu kabisa anachokificha hata kwa wateja wazuri.

Sasa nisikilize. Shangazi alikuwa anapita na sinia la vikombe niliposema hivyo. Likamponyoka. Tukadhani ni magoti. Toka siku ile hali chakula vizuri. Cherehani anaikalia tu, mguu haukanyagi. Jumanne akaniita akaniambia, "Mwandikie mama yako asije." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwandikie tu." Nikakasirika, nikamwambia ana wivu, anaogopa mama yangu akirudi yeye atakuwa nani. Akasema, "Yego, ndiyo, nina wivu," akarudi kwenye sare zake. Mambo ya kizee hayo, nitamtuliza.

Kuna na hili. Nilikaa kuchora Daktari Kamikazi anapanda kurudi. Nikamchora anafika juu, anapiga magoti mbele ya wazee wa milimani, anasema bondeni hakuna kitu, ni mawe tu. Mwili nikaumaliza. Uso nikashindwa. Nimeuchora, nimeufuta, karatasi imetoboka. Nikampelekea Connie kurasa bila uso, akazisoma akazirudisha kwenye bahasha, akasema yeye hachapishi upuuzi. Nilichokitaka nimekipata, mbona sifurahi sawasawa?

Tena umenichanganya. Mimi niliuliza kitabu gani. Wewe umeniambia nisiulize nani.

Njoo na lile koti lako zito, mwezi wa nane hapa asubuhi ni baridi.

Binti yako mwenye raha na wasiwasi,
Umuhoza


Tabora
9 Julai 2024

Umuhoza mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kikohozi kimepungua, vifaranga vimekuwa vibabe. Nimeshakata tiketi.

Shangazi yako hana wivu. Kwa kuwa umemwambia neno lile, nenda ukamwombe radhi leo, kabla hujamaliza kusoma. Mimi nitasubiri hapa kwenye karatasi.

Umeshika neno langu moja na umelishika vizuri, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama ya juu. Hakuna kitabu. Siku ile Usumani alinipeleka nyuma ya nyumba akaniambia, "Mtaje aliyekwambia. Ukimtaja nitajua la kumfanya. Usipomtaja, wewe ni mwongo, utaondoka, na mtoto wa ndugu yangu haondoki." Mtu alikuwepo. Alikuwa ndani anakunja kile kitambaa. Nilimjua Usumani akishikwa na hasira: angetutoa wote wawili siku hiyohiyo, na wewe ungebaki katika nyumba ile na nani? Nikaona bora aondoke mmoja. Nilisema nikipata nyumba nitakuja kukuchukua. Nilipoipata ulikuwa hupokei simu zangu.

Unadhani kwa nini nimeng'ang'ania Tabora? Misafara yote ilipita hapa. Miaka yote hii natembea nyumba kwa nyumba na paketi za sukari, nikitafuta mtu mwingine yeyote anayejua habari ya mtoto aliyetoka upande wa Bugesera akauzwa kwa doti, ili nimtaje huyo, nimwache wa kwanza na amani yake. Sijampata. Wazee wanakumbuka majina ya wafanyabiashara, wanakumbuka hata mbwa wao. Watoto hawawakumbuki.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unakula sahani moja na mtu huyo. Basi. Nimesema zaidi ya nilivyotaka. Nitakuja niseme ile sentensi, uolewe, yaishe.

Mama yako


Gahanga
28 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Anwani umeiona imebadilika. Niko Gahanga kwa dada yake Hakizimana, na Shangazi yuko na mimi, sasa hivi anachambua mchele na kulalamika kuwa wa huku una mawe. Wote wazima. Barua yako ya tarehe tisa Connie ameniletea leo asubuhi. Nimeisoma wakati yote nimeshayasikia kwa masikio yangu. Naomba dereva anayepeleka hii akupate kabla hujapanda basi.

Baba Mkubwa aliamua nipimwe mapema, Alhamisi iliyopita, ili wewe ukifika ukute imekwisha, ubakiwe na kusema tu. Wamama wote wa ukoo walikuja. Mlango ukafungwa. Nikasimama uso ukutani, nasubiri kusikia kitambaa kikinipita mgongoni. Hakikupita. Nikamsikia Shangazi anasema, "Umuhoza, geuka." Bi harusi hageuki, unajua. Nikageuka. Alikuwa amekaa sakafuni, kitambaa kipo mapajani hakijakunjuliwa. Akasema, "Fungueni huo mlango. Mwiteni Usumani."

Baba Mkubwa akaja anauliza nini tena. Shangazi hakusimama, nadhani alishindwa. Akamwambia hapohapo chini: "Mukandekezi hakutoa kitabuni. Nilimwambia mimi. Na mimi aliniambia Bibi mwenyewe, nilipokuwa msichana, namkanda miguu. Aliniambia kwa sababu nilimuuliza kwa nini analia kila binti akipimwa. Mke wa ndugu yetu ameitwa mwongo badala yangu, amekosa mwanawe badala yangu, sasa anakuja kujiita mwongo kwa mdomo wake mwenyewe ili mtoto aolewe. Mimi sipimi."

Mama wee! Baba Mkubwa akasema, "Toka kwangu." Dada yake wa tumbo moja, Mama, na umri ule. Shangazi akasema sawa, akaanza kutafuta viatu. Nikaenda na mimi. Nilibeba cherehani yake kichwani na gauni langu la kupimiwa mwilini, watu wa Niboye wameona sinema ya bure. Hakizimana akaja na pikapu ya bosi wake, hakuuliza hata swali, akapakia.

Nilimwomba Shangazi radhi njiani. Akasema, "Mambo ya wivu? Nilishasahau," na hakusahau.

Na wewe nakuomba radhi kwa lile neno, kwamba ulichagua sentensi. Lakini nina hasira bado, sitakuficha. Ungeniambia! Mtoto wa miaka kumi na tano anajua kutunza siri, mimi nilizitunza za wenzangu darasa zima. Mlinyamaza wawili, mmoja huku mmoja huko, mnanilinda, na mimi katikati nikakua nikidhani mama yangu hanitaki. Ukija tutagombana, jiandae. Nitagombana nawe na nitakukumbatia, sijui kipi kitatangulia.

Sasa la jana. Tulikuwa uani alasiri, mara Baba Mkubwa akaingia, kwa miguu, peke yake. Tukadhani ugomvi umetufuata. Hakusalimia. Alikataa kiti, akakaa kwenye kile kibenchi cha kufulia, akamtazama Shangazi, akauliza, "Alikuwa na umri gani?"

Shangazi akasema, "Alikuwa ameng'oka meno ya mbele."

Halafu akauliza, "Na mama yake? Hakumtafuta?"

"Alimtafuta. Bibi alisema siku walipoondoka naye alimsikia mama yake anamwita kutoka juu ya kilima. Akaendelea kumsikia mpaka msafara ulipovuka mto."

"Alikuwa anamwitaje?"

"Hilo jina hakuwahi kunitajia. Zaina alipewa na Babu."

Baba Mkubwa akavua kofia yake. Mama, nimelelewa na mtu yule, sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika Baba. Jana alilia bila kujifunika uso. Kisha akasema, siyo kwangu, siyo kwa yeyote, "Yule mwanamke alisimama katikati ya harusi akatueleza kama anafundisha darasa. Bibi yangu. Hakunipa hata pole." Hilo ndilo neno pekee alilosema kukuhusu. Hajasema ulikuwa sahihi. Hajasema kama ataniozesha. Hakizimana alitaka kumuuliza, nikamkanyaga mguu. Harusi sasa haina tarehe, na sheikh amesema walii akikataa kuna njia nyingine, ila tumpe mzee nafasi.

Akaomba mkeka. Dada yake Hakizimana alidhani anataka kuswali, akamletea na maji. Hakuswali. Aliutandika karibu na njia, akakaa chini, akamwambia Shangazi, "Njoo ukae." Shangazi akakaa, na magoti yake. Watu walikuwa wanarudi mashambani na majembe, wengi Wakristo, hawatujui hata majina. Walimwona mzee amekaa mkekani bila kofia, macho mekundu, wakafanya wanavyofanya watu. Waliingia mmoja mmoja, wakainama, wakamshika mkono wakimpa pole: "Mwihangane." Hawakuuliza. Na yeye akawapokea kila mmoja, "Asante, asante." Mama mmoja tu, mwenye mtoto mgongoni, ndiye aliyeuliza ni nani aliyefariki. Shangazi akamtazama kaka yake. Baba Mkubwa akasema, "Mtoto. Na mama yake."

Amelala hapa. Leo ametuma watu Kicukiro wafunge duka. Kesho tunasoma hitima ya yule mama aliyebaki kilimani, ambaye hakuna kati yetu anayemjua jina, na Shangazi anasema tutasoma hivyohivyo, Mungu anamjua.

Ile sentensi yako iache hukohuko Tabora, na nguo ya harusi usihangaike nayo. Panda basi la kwanza utakaloliona. Tumefiwa, Mama. Njoo utupe pole.

Binti yako,
Umuhoza